Siku ya kuonja mvinyo Arusha: tutamaliza kuponi 12 tukiwa sawa?

Kiboriloni Kwetu:
Wakuu habari zenu. Jumamosi tunatoka Moshi watu wanne kwenda Arusha kwenye siku ya kuonja mvinyo, saa 7 mchana mpaka saa 1 jioni. Tiketi ina glasi na kuponi 12, na gari ni moja. Je, mtu anaweza kumaliza kuponi zote akabaki sawa? Tuanze na mvinyo upi? Na dereva aonje kidogo au asiguse kabisa? Pia wametangaza "mvinyo wa mavuno mapya", ni kweli au ni biashara tu?

Njiro kwa Juu:
Piga hesabu kwanza mkuu. Kuponi moja mara nyingi ni mililita 50. Zikiwa 12 ni mililita 600, na chupa nzima ni 750. Mvinyo ukiwa na asilimia 13, hapo umeingiza kama gramu 60 za kileo chenyewe. Ini linaondoa takriban gramu 7 au 8 kwa saa, kwa hiyo unahitaji kama saa nane. Kahawa, supu ya moto na kuoga maji baridi havipunguzi hata dakika moja. Vinakuchangamsha tu, na hapo ndipo mtu anajiona mzima anadai funguo.

Vionjo vidogo vinadanganya kwa sababu huoni glasi ikijaa wala ikiisha. Na anayemimina naye akishachangamka, ile 50 inakuwa 80. Mwambie mapema: "Nusu tu."

Dawa yake ni kutema. Chukua kama kijiko kimoja cha chakula, zungusha mdomoni sekunde tano hadi kumi kifike kwenye fizi na chini ya ulimi, vuta hewa kidogo kupitia midomo, kisha inamia ndoo, kaza midomo na uteme kwa mkupuo mmoja. Ukitema kwa kusitasita inachuruzika kidevuni, na shati jeupe ndiyo kwaheri. Kinachobaki kwenye glasi mwaga humo humo. Watu wetu wanaona kutema ni kumdharau mwenyeji. Hapana, ndoo imewekwa kwa kazi hiyo, na wanaoonja kwa ajira hutema siku nzima. Chagua mbili au tatu ulizozipenda kweli, hizo ndizo umeze.

Mama Sakina:
Dereva asiguse. Hata ukitema, kiasi fulani kinapita kooni, na kilomita 80 za kurudi Moshi usiku, malori na bodaboda zisizo na taa, si za kujaribia. Kama wote mnataka kuonja, lipieni gari la kukodi au laleni Arusha, na mpange hilo kabla ya kuponi ya kwanza.

Kuleni saa moja kabla: mtori wenye nyama, au wali maharage na parachichi. Mafuta na protini huchelewesha kileo kutoka tumboni. Kila baada ya vionjo viwili, glasi ya maji. Anayetumia Flagyl, dawa za usingizi au Piriton asionje, na mjamzito vilevile.

Kiboriloni Kwetu:
Asante mama, tutakodi Noah. Na mpangilio wa kuonja je?

Njiro kwa Juu:
Anza na mweupe mkavu (usio na utamu), halafu rosé (wa rangi ya waridi), mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, mtamu mwisho. Ukianza na mtamu, mkavu wote utakaofuata utauona mchachu kama limau. Ukianza na mwekundu mzito, ukakasi unabaki kwenye ulimi na mweupe unaonekana maji. Kwenye meza za mvinyo wa Dodoma anza na Chenin Blanc, ambao ni mweupe, kisha wekundu, Syrah na Makutupora. Dompo na wenzake watamu wasubiri, na soma lebo: mvinyo ulioongezwa pombe kali hufika asilimia 15 hadi 20, usiupimie kama mwingine.

Angalia na joto. Mwekundu ukikaa kwenye hema la jua unapanda hadi nyuzi 28, kileo kinakuchoma pua na harufu ya tunda inapotea. Omba chupa iwekwe dakika kumi kwenye maji ya barafu. Mweupe ukiwa baridi sana hautoi harufu. Shika tumbo la glasi kwa viganja kidogo. Msijipulizie manukato, na msisimame upande moshi wa nyama choma unakoelekea, hamtanusa kitu.

Usa River:
Kuhusu mavuno mapya: Ulaya wanavuna zaidi Septemba na Oktoba, majira yao ya vuli. Afrika Kusini ni kama Januari hadi Aprili. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili ni karibu Agosti na Septemba. Mvinyo mwekundu wa kawaida unahitaji miezi kabla ya kuingia chupani. Upo unaouzwa mapema, kama Beaujolais Nouveau wa Ufaransa unaotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, lakini huo ni mwepesi kwa makusudi. Waulize mwaka ulioandikwa kwenye lebo. Huo ni mwaka wa kuvuna zabibu, si wa kujaza chupa.