Eti flamingo huchomwa na jua?! Nakuru hii hii?!

Wadau, bado natetemeka, hata ugali umenishinda. Nyote mnamjua yule bwana anayeshika maikrofoni kila harambee, kila harusi, hata asipoalikwa. Simtaji. Leo kwenye chemsha bongo ya chama chetu tumefika swali la mwisho, meza yetu iko sare na ile ya dirishani, thamosi ya zawadi inaniangalia. Swali: kwa nini flamingo ni wa waridi?

Mimi mzaliwa wa Nakuru! Nikasimama nikamweleza polepole: ni chakula, wanakula mwani wa ziwa la magadi, rangi yake inaingia mpaka kwenye manyoya, kifaranga akianguliwa ni kijivu kama soksi ya shule. Akaangalia karatasi. Akaigeuza. Akasema, "Mwani uko Mombasa, mama. Kaa chini."

MWANI UKO MOMBASA! Ukumbi ulicheka hadi Menengai ikataka kulipuka upya. Na jibu la karatasi? "Jua kali." Sasa mimi niliyeuza nyanya juani miaka 15 mbona sijawa wa waridi? Kaa chini! Mimi!

Kijana_wa_Bondeni: Kwa hiyo ulikaa? 😂

MamaNyanya: Nilikaa. Ndiyo inayoniuma.

JaNyakach: Afadhali wewe. Huku Kisumu tuliulizwa mto unaotoka Ziwa Victoria. Nikasema Naili, pale Jinja. Karatasi ikasema Nzoia. Nzoia unaingia, jameni, hautoki!

Omwami_wa_Luanda: Na mimi nina jirani anabisha kuwa ikweta iko Nanyuki peke yake. Maseno anapita kila siku, kibao kiko kando ya barabara!

Kijana_wa_Bondeni: Maji ya ziwa yalipanda, flamingo wengi wakahamia Bogoria. Kumbe walikuwa wanamkimbia mwenye maikrofoni.

MamaNyanya: Mwani. Uko. Mombasa.

Shosh_Lanet: Pole mwanangu. Hiyo thamosi ilikuwa ya lita ngapi?

MamaNyanya: Tatu, cucu.

Shosh_Lanet: Basi hujapoteza kitu. Za siku hizi hazishiki moto. Chai ya alfajiri, saa nne ni maji ya kuoshea vikombe.

JaNyakach: Yangu kifuniko kilipasuka wiki ya kwanza. Aliyeniuzia sasa hashiki simu.

Omwami_wa_Luanda: Vifuniko ninavyo. Chako ni cha kuzungusha ama cha kubonyeza?

MamaNyanya: Wadau, tulikuwa kwa flamingo.

JaNyakach: Cha kubonyeza.