Boti ya spidi kwenda Klein Curaçao na mama mwenye shida ya mgongo, itawezekana?

MangiWaRau:
Wakuu habari za jioni. Dada yangu kaolewa na Mholanzi wanaishi Curaçao, ile ya Karibiani karibu na Venezuela, sasa katukatia tiketi mimi, mke wangu na bi mkubwa, tunapanda KIA hadi Amsterdam halafu tunaunganisha. Huko kapanga siku moja twende kisiwa kinaitwa Klein Curaçao, hakikaliwi na watu, unaenda asubuhi unarudi jioni. Shemeji anang'ang'ania tukodi boti ya spidi eti ndo raha yenyewe, dada anasema tupande katamarani kubwa, ile boti pana yenye miili miwili sambamba, na watalii wengine. Mimi mtu wa mlimani, maji niliyozoea ni ya mfereji wa migombani, boti ya Unguja tu nilishika mfuko wa kutapikia toka Dar mpaka Malindi. Na mama mgongo unamsumbua hata akipanda Noah barabara ya vumbi. Tushike ya nani?

Chalii_Sakina:
Mangi unaacha Mbudya na Bongoyo hapo Dar, navyo havina wakazi, unavuka fasta unakula samaki wa kukaanga na chips unarudi zako, we unaenda mpaka ng'ambo ya Atlantiki kutafuta mchanga 😂😂 Ila kama tiketi kalipa dada nenda tu aisee. Ulizia kama wanachoma nyama.

Baharia Mstaafu:
Mkuu mimi nimefanya kazi meli za kitalii na Willemstad, mji mkuu wa Curaçao, tulikuwa tunafunga gati, kwa hiyo hayo maji nayajua. Kisiwa kipo kusini mashariki, kama kilomita 10 toka ncha ya Curaçao, ila boti nyingi zinaondokea mbali na hiyo ncha, pande za Jan Thiel na Spanish Water, kwa hiyo safari yenyewe ni ndefu zaidi. Sasa sikiliza upepo. Sisi huku tuna kusi na kaskazi, unageuka, kule unatoka mashariki karibu mwaka mzima, maana yake kwenda mawimbi mnayala usoni na kurudi yanawasukuma kwa nyuma. Boti ya spidi ikikutana na wimbi inaruka halafu inatua paa, haujakaa sawa inatua tena paa, na hicho kishindo kinapanda kwenye kiti moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo. Kijana anasimama anakunja magoti kishindo kinaishia miguuni, mama wa watu kakaa kinaishia kiunoni. Asipande hiyo, mwambie shemeji kwa heshima zote. Katamarani ni kama saa mbili kwenda, inayumba taratibu, hapo shida inabaki kwenye tumbo tu, na tumbo lina vidonge, mnameza kabla ya kuondoka sio mkishaanza kutapika. Kaeni nyuma, muangalie mbali, simu wekeni mfukoni.

Nai wa Njiro:
Nakazia ya Baharia, ila boti za spidi nazo hazifanani, nahodha mwenye akili anapunguza mwendo mawimbi yakiwa makubwa, tatizo wengine wanafukuzana na saa. Mimi nilichoona kigumu kwa mzazi ni kushuka. Hakuna gati, boti inasimama majini mnaogelea au mnapelekwa na kiboti kidogo, dada aulize hilo mapema. Upande wa magharibi maji yametulia, mchanga mweupe, ukivaa miwani ya kuzamia unaweza kuona kasa. Upande wa mashariki ndo kuna meli ya mafuta Maria Bianca Guidesman ilikwama zamani, imeoza na kutu na mawimbi bado yanaipiga, kaangalieni ila msiogelee huko. Vaeni viatu, mawe yanakata. Katikati kuna mnara wa taa wa zamani, unafika kwa miguu maana kisiwa ni bapa kama chapati. Miti ya kuhesabu, zamani walichimba fosfati na mbuzi wakamalizia majani yaliyobaki, kwa hiyo mama apate kofia na nguo ya mikono mirefu. Maji ya kunywa hakuna kabisa.

MangiWaRau:
Asanteni sana, nimemsomea shemeji ya Baharia kwenye simu akanyamaza 😂 tunapanda katamarani, yeye kasema atatufuata na spidi yake. Bi mkubwa kasikiliza yote halafu anauliza kitu kimoja tu, choo je?

Nai wa Njiro:
Mwambie shikamoo. Inategemea kampuni, zingine zina banda lao ufukweni lenye kivuli na choo, zingine ni kile cha kwenye boti tu. Muulize kabla hamjalipa. Na Chalii, nyama zipo, boti kubwa nyingi wanachoma mchana.

Chalii_Sakina:
Mangi tiketi ya nne imebaki?