Kipimo cha tangi kikinyamaza, nitajuaje kama maji yamejaa au kifaa kimezima?

Swali: Msimamizi wa ploti, Umoja

Hamjambo wanajukwaa. Ninasimamia nyumba za kupangisha za familia yetu hapa Umoja, Nairobi, ambapo wapangaji 24 hutegemea tangi moja la lita 10,000 lililo juu ya paa, kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu na kuna wiki hayaji kabisa. Mwaka jana tulifungiwa kifaa cha kupima kina cha maji na kutuma taarifa kwenye simu yangu. Kilifanya kazi vizuri kwa miezi minne. Kisha simu ikaonyesha kwa siku tatu mfululizo kwamba tangi limejaa, nami nikaamini, mpaka mama mmoja wa ghorofa ya nne aliponibishia mlango alfajiri, ndoo tupu mkononi na mtoto mgongoni. Nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko, nikakuta tope tu chini. Bando la laini iliyomo ndani ya kifaa lilikuwa limekwisha, na simu ilikuwa inanionyesha kipimo cha mwisho ilichopokea kabla ya hapo.

Sasa fundi mwingine ameniletea makadirio ya bei yenye maneno nisiyoyaelewa: sensa, maikrokontrola, LoRaWAN, geti-wei, MQTT na wingu. Naomba kueleweshwa kila kimoja kinafanya nini, ili nisilipie nisichokihitaji. Tena, mita ya stima ya tokeni nayo ni kifaa cha intaneti? Mbona haijawahi kunidai bando?

Jibu: Fundi wa elektroniki, Kariobangi

Pole sana, dada, kwa yaliyowapata wapangaji wako. Nitaanza na sensa, yaani kihisio kinachopima, kwa sababu ikikosea hiyo, vilivyo mbele yake vyote vitasafirisha uongo kwa uaminifu mkubwa.

Sensa za tangi zinazouzwa sana hapa mjini hutoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii, kisha husubiri mwangwi wake urudi kutoka kwenye uso wa maji. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 7, sauti imekwenda na kurudi mita 2.4, maana yake maji yako mita 1.2 chini ya sensa. Hesabu hiyo hufanywa na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, kama vile ESP32 iliyotoka mwaka 2016, ambayo tayari ina redio ya Wi-Fi ndani yake.

Hakikisha umepewa sensa isiyoingia maji, kwa maana mvuke wa tangi lililopigwa na jua huganda kwenye jicho la sensa ya kawaida na kuiharibu. Hata hizo zisizoingia maji zina upofu wa sentimita 20 hivi mbele yake, ambamo haziwezi kupima. Ikifungwa chini mno, tangi likijaa maji yataingia eneo hilo na utapata namba za ajabu. Nimeitwa mara nyingi kubadilisha sensa ambazo hazikuwa na kasoro yoyote isipokuwa hiyo.

Jibu: Mhandisi wa mitandao, Ngara

Fundi amemaliza upande wa kupima, nami nichukue upande wa kusafirisha, ambako ndiko tatizo lako lilikotokea.

LoRa ni namna ya kutuma data kidogo sana kwa redio hadi umbali wa kilomita kadhaa, kwa nguvu ndogo ambayo betri inaweza kuihimili kwa miaka. LoRaWAN ni kanuni za mtandao zinazojengwa juu yake. Geti-wei ni kisanduku kinachopokea mawimbi hayo na kuyaingiza kwenye intaneti. Ungekuwa na majengo kumi yaliyotawanyika kutoka Umoja hadi Kayole, ningekushauri uinunue. Kwa tangi moja, naona ni gharama isiyo na sababu, mradi Wi-Fi ya jengo inafika paani. Panda na simu yako uijaribu, kwa sababu zege la ghorofa nne hula mawimbi mengi.

MQTT ni itifaki, yaani utaratibu wa mazungumzo baina ya vifaa. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setilaiti, mahali ambapo mawasiliano yalikuwa ghali na ya kukatikakatika. Katikati yake hukaa seva iliyo kama dalali: kifaa humpelekea kipimo, naye humpa kila aliyejiandikisha kukipokea. Huyo dalali akikaa kwenye kompyuta ya kukodi, ndipo husemwa kwamba yuko kwenye wingu.

Dalali huyu anaweza kutunza kipimo cha mwisho ili anayechelewa akikute, na huenda ndicho ulichokiona kwa siku tatu. Lakini pia anaweza kutunza wasia. Kifaa kinapoungana naye humwachia ujumbe: "Nikipotea bila kuaga, waambie nimepotea." Pia huahidi kwamba hakitanyamaza zaidi ya muda fulani, tuseme sekunde 60, na muda huo ukipita kwa nusu yake tena, dalali huutangaza wasia. Mwambie fundi auweke, na kila kipimo kionyeshwe na saa kilipochukuliwa. Ukichagua LoRaWAN, kumbuka kwamba sensa yenyewe haizungumzi MQTT, kwa hiyo kimya chake sharti kihesabiwe na seva.

Jibu: Mkazi wa Kasarani

Kuhusu tokeni: mita nyingi za malipo ya kabla hazina intaneti yoyote. Namba zile 20 zimebeba kiasi cha yuniti na muda wa kutolewa kwake, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, nayo huzifungua bila kumuuliza mtu. Muda huo huhesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya hesabu iliisha Novemba 24, 2024. Ndiyo maana tulitumiwa namba za ziada za kuingiza kwenye mita.

Jambo jingine: badilisha neno la siri la kiwandani kabla kifaa hakijaunganishwa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani.

Muulizaji

Asanteni sana nyote. Nimepanda sasa hivi: Wi-Fi inafika kwenye tangi kwa vijiti viwili, na kutoka kifuniko hadi bomba la kumwagia maji yaliyozidi ni sentimita 14. Fundi wa Kariobangi, sensa nitaiinulia kwa kipande cha bomba juu ya kifuniko, au kuna njia bora zaidi?

Fundi wa elektroniki, Kariobangi

Bomba linafaa, dada, lakini liwe pana, la inchi 4 au zaidi, na urefu wa sentimita 15. Likiwa jembamba, mwangwi utarudi kutoka ukutani mwake kabla ya kuyafikia maji.