Mipira ya petroli ya Celica ST185 imechoka na dukani haipo tena, msaada wakuu

Kijana_wa_Uyole

Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa wote. Niko Uyole, Mbeya, nina Toyota Celica GT-Four ST185 ya 1991, injini 3S-GTE yenye tabo (turbo). Gari ilikuwa ya marehemu baba mdogo, alinikabidhi funguo mwenyewe akiwa kitandani akaniambia hii usije ukauza, hizi ndo zilichukua Safari Rally 1992, 1993 na 1994 mfululizo. Kwaiyo naomba mnijibu mkijua sitafuti njia ya mkato, nataka ikae.

Tatizo liko hivi, tangu hili baridi la Juni lianze nikiwasha asubuhi inanuka petroli kali mpaka ndani ya gari. Nikiiacha injini ipate moto kama dakika kumi harufu inakata kabisa, mchana hamna kitu, jioni hamna kitu, kesho asubuhi yale yale. Jana nikaamka saa kumi na moja nikafungua boneti nikamulika na tochi mdogo wangu akapiga stata. Mpira unaotoka kwenye filta kwenda reli ya injekta ulikuwa unatoa jasho pale unapoingia kwenye bomba la chuma, tone likajikusanya taratibu, likanenepa, likadondoka juu ya gia boksi. Nikazima hapo hapo. Nilivyouminya mpira ni mgumu kama kijiti na ukiukunja kidogo unaona nyufa kama kisigino cha mtu aliyelima peku kiangazi kizima. Ule wa kurudisha mafuta kwenye tenki nao hivyo hivyo.

Namba ya spea nilimtumia muuzaji Dar akaniambia hiyo haitengenezwi tena. Fundi mmoja hapa Mwanjelwa anasema ninunue mpira wa mita nikate nifunge klipu maisha yaendelee, ila mimi naogopa moto, tabo ikishakuwa nyekundu haiko mbali na hapo. Naomba kujua nitumie mpira wa aina gani, na ule wenye kona na vichwa vya chuma vilivyobanwa kiwandani unatengenezwaje?

Mwana_Tunduma

Pole sana ndugu. Mi ningekwambia nenda kwa wale wanaobana hosi za haidroliki za malori na matrekta, peleka paipu yako ya zamani wanakupimia urefu wanakubania vichwa vipya na mashine dakika ishirini unaondoka nayo. Zile hosi zina waya ndani, zinabeba presha ya kunyanyua tipa lenye kokoto, hiyo petroli ya Celica itaifanya nini? Mi nimeweka kwenye Mark II yangu mwaka jana na sijawahi kuona tone.

Fundi_Ipogolo

Kamwene wote. Kijana wa Uyole marahaba, na hongera kwa kuzima gari hapo hapo.

Mwana Tunduma nakuheshimu ila hapa naomba nikupinge kabla kijana hajaenda. Shida ya mpira wa petroli haiko kwenye presha tu, iko kwenye aina ya mpira wa ndani kabisa unaoguswa na petroli. Hosi ya haidroliki imetengenezwa kwa ajili ya oili, ndani kwa kawaida ni mpira wa naitraili. Oili inaishi nayo vizuri miaka na miaka. Petroli siyo oili, inapenya, inauvimbisha taratibu, baadaye ukikauka unapasuka kwa ndani na vile vipande vinaenda moja kwa moja kwenye injekta. Na kwa sababu nje kuna waya na koti zuri hutaona chochote mpaka siku umeshachelewa. Nimeshafungua moja hapa Iringa, nje inang'aa, ndani imemenyuka kama ganda la kitunguu.

Sasa jibu. Angalia maandishi ubavuni mwa mpira. Mipira ya petroli ina daraja za SAE J30, kile kiwango cha Wamarekani. R7 ni wa kabureta na njia ya kurudishia mafuta, kikomo chake ni presha ya kama bar 3.4. R9 ndo wa injekta, ndani una tabaka la vaitoni (mpira maalumu unaostahimili petroli) na unabeba karibu bar 7. Presha ya msingi ya gari yako ni kama bar 2.5 hivi, lakini reguleta yake (kile kidhibiti cha presha) inafuata hewa ya manifodi (njia ya hewa inayoingia injini), tabo ikipuliza presha ya petroli nayo inapanda juu kwa kiasi hicho hicho, ukikanyaga kupandisha mlima unapita kabisa bar 3. Kwaiyo R7 usiweke kwenye njia ya kwenda, hata kama muuzaji anaapa. Na mpira usio na maandishi yoyote mwachie hapo hapo mezani kwake.

Kuhusu harufu ya asubuhi, mpira ukizeeka unakuwa mgumu na unanywea. Usiku wa huko Uyole unajikunyata zaidi unaacha kijinafasi kati yake na bomba, injini ikipata moto unalegea unaziba tena. Kwaiyo mchana kukiwa kimya usidhani umepona. Gari isitembee mpaka ubadilishe, na weka mtungi wa poda wa kuzimia moto ndani ya gari, siyo kwenye buti chini ya mizigo.

Mama_Altezza

Naongezea moja ambalo watu wanasahau, KUNA MPIRA NDANI YA TENKI. Kile kipande kifupi kati ya pampu na bomba la kutokea. Mimi niko Mafinga, Altezza yangu ilibadilishwa pampu na gereji moja wakaweka mpira mzuri tu wa R9, mpya, nimeuona kwa macho yangu. Baada ya miezi kadhaa natoka Dar, naanza kuupanda Kitonga, gari ikaanza kukohoa, nikikanyaga inazidi kufa, nikipunguza inapumua. Malori nyuma yangu, korongo pembeni, mtoto amelala siti ya nyuma. Sitasahau ile siku. Nikasogea pembeni kwenye kona tukakaa, nikawasha tena nikapanda polepole hivyo hivyo mpaka Ilula.

Tulipofungua tenki ule mpira kwa nje ulikuwa umevimba na laini kama maini, umelegea kwenye klipu, pampu inapiga nusu ya petroli inarudi ndani ya tenki lile lile. R9 imekingwa kwa ndani tu, koti la nje halijatengenezwa kulala ndani ya petroli. Wa ndani ya tenki unaitwa R10, umekingwa pande zote, unauzwa vipande vifupi na bei yake inauma ila we lipa tu. Kama gari ni ya 1991 na huo mpira haujawahi kuguswa nakusihi ufungue.

Rally_Makambako

Kwa upande wa kona na vile vichwa, nimefanya kwenye gari mbili kwaiyo nasema nilichokifanya.

Kwanza toa presha. Fungua kifuniko cha tenki, chomoa soketi ya pampu ya petroli, washa gari iungurume mpaka izime yenyewe, piga stata tena mara mbili, halafu ndo utoe hasi ya betri. Weka matambara, fanyia nje siyo ndani ya banda, na sigara ya fundi ibaki mfukoni.

Kichwa cha chuma usikitupe, hicho ndo mali. Toa paipu nzima, mwaga, osha, ianike mpaka harufu iishe kabisa, kisha lile bangili lililobana mpira likate kwa urefu na msumeno wa chuma, taratibu mno, ukikaribia kumaliza acha ulipanue na bisibisi. Usitumie grainda, cheche na petroli havikai pamoja, na ukikwaruza lile bomba lenye miinuko la ndani litavuja milele. Ukishalitoa safi, mpira mpya unauingiza mpaka mwisho, kama sentimita mbili na nusu, unafunga klipu. Vipenyo pima na venia (kile kipimio cha milimita), usikisie kwa jicho, wa 8 mm na wa 10 mm ukiwa na haraka vinafanana.

Kuhusu kona, R9 ni mgumu, ukiukunja kwa nguvu unabonyea katikati na petroli inakabwa. Mi nilichukua bomba la chuma la 8 mm, nikalikunja kwa kifaa cha kukunjia mabomba ya breki kufuata umbo la paipu ya zamani, midomo nikaipanua kidogo iwe na shavu la kushikilia, halafu mpira nikaweka vipande vifupi tu vilivyonyooka huku na huku. Bomba la shaba msitumie, linachoka na mtetemo linakatika.

Klipu nazo zisiwe zile za maji zenye mkanda wa matobo, yale matobo yanakula mpira kama mswaki. Chukua za injekta, mkanda hauna tobo na kingo zake zimekunjwa juu. Na kila bolti yenye tundu la petroli inakaa na washa mbili (zile pete bapa za kuziba), hizo zikishafunguliwa ni za kutupa, weka mpya. ST185 ina injekta ya tano ya kuwashia baridi, ina kijipaipu chake na washa zake, iangalie, inafanya kazi asubuhi tu na ndo saa unayosikia harufu.

Ukimaliza usiwashe injini kwanza. Fungua kile kiboksi cha dayagnosi ndani ya boneti, unganisha waya kati ya vishimo vilivyoandikwa +B na FP, washa swichi, pampu inazunguka injini ikiwa imezima. Pitisha tishu nyeupe kila kiungo. Tishu haidanganyi.

Kijana_wa_Uyole

Wakuu narudi kama nilivyoahidi, imechukua wiki tatu. Mpira wa R9 na kipande cha R10 niliagiza Dar ukaja kwa basi. Kabla ya kufunga nilikata kipande cha R9 nikakizamisha kwenye chupa ya petroli siku saba, nikakipima tundu la ndani na venia kabla na baada, halijabadilika. Pembeni niliweka kipande cha ule mpira wa mita wa Mwanjelwa, chenyewe kilitoka kimenenepa na petroli imekuwa nyeusi kama chai ya rangi.

Mama Altezza Mungu akubariki. Tenki tumefungua, ule mpira wa ndani ulikuwa na mpasuko wa urefu wa kucha, klipu imeota kutu, tungebadilisha wa mbele tu tungeacha nusu ya ugonjwa. Kona nimetumia bomba la chuma kama alivyosema wa Makambako, nilikunja la kwanza nikaharibu, la pili likakaa.

Tulipounganisha +B na FP viungo vyote vikavu isipokuwa kimoja, ile injekta ya tano. Tishu ilitoka na kiduara kidogo chenye unyevu. Washa zake zilikuwa zimefunguliwa zamani zikarudishwa zile zile, zimelika upande. Nikaweka mpya. Leo saa kumi na moja asubuhi, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, nimefungua boneti nikapiga stata nikasimama pale na tochi mpaka injini ikapata moto. Hamna harufu. Mama mdogo alitoka na kanga yake kusikia muungurumo, akasimama tu mlangoni akisikiliza. Ndaga fijo wote.

Fundi_Ipogolo

Safi sana kijana. Baada ya mwezi mmoja zipitie klipu zote tena, mpira mpya huwa unajilaza kidogo zinalegea. Usikaze kama nati za tairi.

Mwana_Tunduma

Fundi nimesoma yote, na juzi nimeifungua ile hosi ya Mark II kwa ajili ya amani tu. Ndani imeanza kutoka unga mweusi kwenye kidole. Gari nimeipaki. Naomba unisaidie vipimo, bomba langu la kutoka filta nimepima na venia linasoma 7.9, nichukue wa 8 mm au?

Fundi_Ipogolo

8 mm. R9, usome ubavuni mwenyewe kabla hujalipa.