Mama ameziba sikio: nta itolewe vipi?

Mzawa wa Tanga
Habari zenu, wanajukwaa. Mama yangu, aliyevuka miaka 70, analalamika kwamba sikio lake la kulia limeziba ghafla baada ya kuingiwa na maji alipokuwa akioga. Kwa miaka mingi amezoea kujichokonoa kwa unyoya wa kuku au njiti ya kiberiti. Jirani anashauri tumtilie mafuta ya nazi ya moto, na duka la dawa wametupa haidrojeni peroksaidi. Hana maumivu. Tuanze na lipi?

Tabibu Mstaafu
Mfikishie mama salamu zetu. Unyoya na njiti viwekwe kando, pamoja na pamba za vijiti zinazouzwa madukani. Nta si uchafu: hutengenezwa na tezi zilizo sehemu ya nje ya tundu la sikio, huchanganyika na ngozi iliyokufa, hunasa vumbi na kuzuia maji, kisha husogea nje yenyewe kadiri ngozi inavyokua na taya linavyotafuna. Kijiti huirudisha ndani, karibu na kiwambo (ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu, yaani ngoma ya sikio), na tundu lote la mtu mzima halizidi sana sentimita 2.5. Inaelekea ya mama ilikwisha kujaa, maji yakaivimbisha tu. Mafuta ya moto yataunguza, hayo msiyaguse. Ikiwa kiwambo ni kizima, matone machache ya mafuta ya zeituni yenye joto la mwili, asubuhi na jioni kwa siku tatu hadi tano, huku akilala ubavu dakika chache, huilainisha. Sikio likizidi kuziba mwanzoni asishtuke.

Muuguzi wa Zamu
Naunga mkono, ila sharti la kiwambo kuwa kizima tusilipite haraka. Je, mama aliwahi kutokwa usaha sikioni, hata utotoni? Ana kisukari?

Mzawa wa Tanga
Nimemuuliza. Anatumia dawa za kisukari, na anakumbuka sikio hilo hilo lilimtoka usaha alipokuwa binti mdogo.

Muuguzi wa Zamu
Basi msitie chochote, si mafuta wala peroksaidi, mpaka sikio litazamwe kwa kifaa chenye taa. Mweleze mhudumu mambo hayo mawili kabla hajashika bomba la kusafishia sikio kwa maji, maana sikio lenye kiwambo kilichotoboka halisafishwi kwa maji, na mwenye kisukari akichubuliwa anaweza kupata maambukizi makali yanayofika hadi mfupani. Daktari wa masikio, pua na koo ataivuta nta kwa mashine au ataitoa kwa chombo maalumu huku akiiona.

Tabibu Mstaafu
Nakubaliana na muuguzi, na ningewahi mapema wiki hii. Si kila sikio linaloziba ghafla lina nta: likikutwa safi na mama bado hasikii, huenda tatizo liko kwenye mshipa wa fahamu, na tiba yake hufaa zaidi ikianzwa mapema.