Vitu vya mkono vya nyumbani (vyungu, vikapu, vitambaa, picha): tupeane uzoefu, mi naanza na chungu changu kilichopasuka

Mama Uyole

Wadau habari za jioni, huku Uyole, Mbeya, baridi imekaza mpaka kutoka nje kuanua nguo mtu unajishauri. Jamani nina uchungu na chungu, chekeni tu.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka msibani Kyela, nikanunua chungu cha Wakisi, kile chekundu chenye michoro myeupe, kizuri mpaka konda akasema mama hicho nacho kinalipa nauli. Nimekipakata kwenye kosta Kyela mpaka Uyole, kona zote za Tukuyu nimekikumbatia kama mtoto mwenye homa. Nimefika nacho kizima, siku mbili namringia jirani, siku ya tatu nikasema leo humu ndani yanaliwa maharage ya chungu. Nikamimina maharage na maji, nikakipandisha kwenye gesi, moto nikaufungulia wote maana nilikuwa na haraka. Dakika kumi hazijafika nasikia pwaa! Maji yamezima gesi, maharage yametapakaa mpaka chini ya friji, mtoto wa mwisho analia anadhani tumevamiwa. Mume wangu badala ya kunipa pole ananiuliza, kwani sufuria zimeisha humu ndani?

Kitako kimebaki kizima, nimepandia giligilani.

Sasa naomba tupeane uzoefu. Nani ana vitu vya kazi ya mkono nyumbani, iwe umenunua, umerithi au umetengeneza mwenyewe, ulivitunzaje au uliviharibuje kama mimi. Nataka nijue nisirudie ujinga.

Mwana wa Ziwa

Pole sana dada ila hapo chungu hakina kosa, kosa ni la moto. Mi ni wa huku huku Matema, kando ya Ziwa Nyasa, hivi vyungu nimekulia navyo. Mafundi wenyewe wako Ikombe, mama zetu wa Kikisi, wanafinyanga kwa mkono bila gurudumu lolote, alafu vinavushwa kwa mitumbwi kuja huku. Njoo Jumamosi kwenye gulio la Lyulilo utaona vimepangwa chini mpaka unakosa pa kukanyaga.

Iko hivi. Chungu kipya kina vitundu vidogo ambavyo huvioni, na maji yanaingia mule. Ukikibandika ghafla kwenye moto mkali yale maji yanageuka mvuke yanatafuta pa kutokea, kutokea ndo huko kupasuka. Alafu gesi inachoma sehemu moja tu ya kitako wakati pembeni bado kuna baridi, udongo unatanuka huku na kule haujatanuka, lazima ugombane. Moto wa kuni kwenye mafiga unakilamba chungu chote, ndo maana bibi zetu walipika miaka na chungu kile kile.

Bibi yangu chungu kipya alikuwa anakilowesha usiku kucha, kesho yake anakiacha kivulini kikauke, sio juani. Akishamaliza hapo anapika uji mwepesi kabisa kwa moto mdogo, unachemka taratibu mpaka unaanza kushika pembeni, anaumwaga. Ule uji ndo unaziba vitundu. Kuanzia hapo unapika chochote ila moto unaanza mdogo siku zote. Usimimine maji ya baridi kikiwa cha moto. Ukikiepua usikitue kwenye sakafu ya saruji, kitulize kwenye kata, ile ya kubebea mzigo kichwani. Na sabuni ya unga usiisogeze kabisa, chungu kinakunywa hicho, utakula maharage yenye povu.

Kingine, kabla hujanunua kinyanyue ukigonge kwa kidole. Kikilia ngaa chukua. Kikiitika pu, kama unagonga boga, kina ufa hata kama huuoni, rudisha taratibu bila kumtukana mwenye mali.

Kijana wa Soweto

Maharage yenye povu nimekula sana kwa mama mdogo, nilikuwa nadhani ndo ladha ya chungu 😂😂

Mnyalukolo

Kamwene wadau. Mi naongelea vikapu vya milulu, yale majani ya mabondeni, maana ndo nyumbani Iringa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kikapu kikubwa cha kuwekea unga, kimesukwa kikakaza mpaka unga hauvuji hata chembe. Zikaja ndoo za plastiki, kikapu kikapelekwa stoo, kikawekwa juu ya magunia ya mahindi, hakuna aliyekikumbuka. Bibi alipofariki tunagawana vitu kila mtu anagombea cherehani na vitenge, mi nikaulizwa we unachukua nini nikasema kile kikapu. Walicheka sana. Kilikuwa kimeota ukungu kama mkate wa wiki mbili na upande mmoja kimebonyea.

Kosa langu la kwanza nilikiosha kwa maji mengi na brashi ya nguo alafu nikakianika juani kutwa nzima siku tatu. Ukungu uliisha kweli ila ile mistari ya zambarau nayo ikapauka, sasa hivi ni ya kuhadithiwa. Baadae shangazi akaniambia ukungu unafutwa na kitambaa chenye unyevu kidogo, alafu kinakaa penye upepo na jua la asubuhi tu, basi. Ile bonyeo tuliitoa hivi: alikinyunyizia maji mpaka milulu ikalainika, akakijaza magazeti kikashiba, tukakiacha siku mbili, kikarudi shepu yake.

Sasa nikapata kiburi nikasema nami nisuke. Shangazi anakaa upande wa Kalenga, nikawa naenda kila wikiendi. Ile milulu inakatwa mabondeni kwenye maji maji, inaanikwa ikauke, alafu wakati wa kusuka lazima uiloweshe tena kidogo, ukijifanya una haraka ukisuka kavu inakatika mikononi na inakuchana vidole. Nilichokiona ni kwamba kazi yote iko kwenye kitako. Kitako kikienda upogo, hata pembeni usuke kwa akili gani kikapu kitasimama kama mlevi. Cha kwanza kilitoka kama kofia ya mzee wa baraza. Shangazi hakusema kitu, alikichukua akakifumua chote mbele ya macho yangu, kazi ya wikiendi nne hiyo, alafu akanipa milulu akasema anza. Nililia kisirisiri kwenye bodaboda. Cha nne ndo kilisimama, sasa hivi kina viazi jikoni, sio cha maonyesho.

Siku moja niko Dar nikaingia duka la vitu vya nyumbani nikakuta vikapu vya kwetu, vimeongezewa mikanda ya ngozi, bei yake hiyo ningenunua vikapu nane kwa shangazi na nauli inabaki. Sikukasirika na mwenye duka, nilikasirika na mimi maana mwaka ule ule nilimpunguzia mama mmoja pale sokoni Iringa mpaka akaniachia kikapu kwa bei ya soda mbili, na nilitoka pale nikijiona mjanja.

Wanaopita Iringa pitieni pia Neema Crafts pale mjini, ipo tangu 2003, ilianzishwa na Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wanasuka wanashona, kuna mpaka karatasi zinatengenezwa kwa kinyesi cha tembo na hainuki jamani nimeinusa mwenyewe. Mgahawani wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka. Ni pazuri pa kuona bei halali ya kazi ya mkono inafananaje.

Mama Uyole

Mnyalukolo hapo kwenye soda mbili umenigusa, mi kile chungu nacho nilipunguza mpaka nikaongezewa na kifuniko. Labda kilipasuka kwa laana 😭

Lindo la Usiku

Naomba msinicheke mi ni mwanaume na nafuma.

Ni mlinzi Mafinga, nalinda godauni la mbao. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya hapa hamuijui nyie wa mabondeni, usiku usingizi unakuja kama mkopo, hauombi ruhusa. Mke wangu alikuwa anafuma vitambaa, siku moja nikabeba sindano yake ile ya ndoano na kibunda cha uzi ili tu mikono ifanye kitu. Wiki ya kwanza nimefuma kamba, kamba tupu, ndefu kama reli ya TAZARA. Mke wangu akanionyesha kugeuza ikawa duara. Leo natengeneza mazulia ya mlangoni na ya pembeni ya kitanda.

Uzoefu wangu uko kwenye uzi. Uzi mpya dukani ni ghali, zulia moja linameza vibunda mpaka unachoka. Nikaanza kununua masweta ya mtumba yale ya mwisho mwisho ambayo fungu linauzwa jioni kwa bei ya kutupa, nayafumua. Ila sio kila sweta linafumuka, hili mlishike. Kabla hujalipa ligeuze ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona limeshonwa kwa ovaloki yaani kingo zimekatwa, liache, hilo kila mstari umekatwa kipande, utapata nyuzi fupi fupi za kufungia kuku. Tafuta lile ambalo kila kipande kimefumwa chenyewe alafu vikaunganishwa kwa uzi, ukikata ule uzi wa kuungia tu, mikono inaachia, mgongo unaachia, unaanza kuvuta kuanzia juu na linakuja lote kama tambi. Uzi ukitoka unakuwa na mawimbi, nauzungushia kwenye miguu ya stuli, naufunga funga sehemu nne usichanganyikane, nauosha, nautundika na kitu kizito chini, ukikauka umenyooka.

Bosi alinikuta siku moja saa tisa usiku nafuma, nikajua kazi imeisha. Akaniuliza kitanda cha futi sita kwa sita zulia lake bei gani.

Bi Harusi wa Zamani

Kaka Lindo hakuna wa kukucheka hapa, mi mwenyewe natafuta fundi.

Mimi niliolewa na maboksi mawili ya vitambaa vya kochi, mama alifuma tangu niko darasa la tano. Vyeupe, vya waridi, vya tausi, na mashuka mawili ya kudarizi. Mama akasema hivi ni vya wageni. Miaka imepita wageni hawajafika wa kiwango hicho, maana akija huyu nasema huyu atamwaga chai, akija yule ana watoto. Mwaka jana nikafungua boksi, mikunjo imegeuka ya njano kama imechorwa na kalamu na kimoja panya amekula macho ya tausi. Nililoweka kwenye maji ya uvugu na sabuni ya kipande usiku mzima, nikaanika kwenye jua, njano ikapungua sana. Sasa vyote viko juu ya makochi kila siku na chai inamwagika kila siku.

Mtu wa Mahesabu

Mi naona mnajipa kazi tu, vikapu vinashika vumbi, vyungu vinapasuka, nendeni Mwanjelwa kuna vyombo vya plastiki na maua ya plastiki, unaosha unasonga mbele.

Mnyalukolo

Mkuu hata ile ndoo yako ya plastiki inapasuka, na hiyo hupandii giligilani kwenye kitako chake.

Mbena wa Njombe

Hahaha. Mi nipite na mianzi. Huku kwetu mwanzi wengi wanaujua kwa ulanzi, ile pombe yake, ila nilimpa fundi atengeneze shelfu ya vitabu na stuli mbili. Miezi mitatu nakuta unga mweupe chini ya shelfu, nafagia, kesho upo tena. Kumbe bungua wako ndani wanakula usiku ukitulia unawasikia. Mzee mmoja akaniuliza mwanzi uliuloweka? Ule mwanzi mbichi una wanga ndani, ndo chakula cha bungua, sasa ukiukata unauzamisha kwenye maji wiki kadhaa ule wanga unatoka, alafu unaukausha kivulini taratibu. Na usitumie mwanzi mchanga, tumia uliokomaa. Fundi wangu aliukata Jumatatu Ijumaa nakalia stuli. Shelfu tumeipikia chai.

Mwalimu wa Rungwe

Nami niongeze la kwangu, nina picha ya Tingatinga sebuleni. Huyu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alizaliwa Tunduru, ni mtu wa kusini, alikuwa anachora kwa rangi za mafuta zile za kung'aa kwenye vipande vya hadibodi, alifariki 1972 ila mtindo ukabaki na jina lake. Yangu ilichorwa na kijana wa siku hizi, iko kwenye turubai, ndege wawili na mbuyu. Niliikunja rangi ikiwa ndani nikaibana kwenye begi, basi limepiga jua siku nzima kutoka Dar, kufika Tukuyu naikunjua ndege mmoja amebaki amegandia mgongoni kwa mwenzie. Rangi zile zikipata joto zinanata. Kunja rangi ikiwa nje, weka karatasi katikati, na usiminye.

Ila kisa kikubwa ni kibuyu. Nilitundika kibuyu cha mama ukutani, nimekisafisha nimekipaka mafuta kinang'aa. Jumuiya ilipokuja kusali kwangu, mama mmoja alifumba macho sala nzima jicho moja liko kwenye kibuyu. Wiki iliyofuata watu wamekuja nusu. Ilibidi nikiteremshe, nikimiminie togwa mbele yao, nikanywe wa kwanza. Wa pili kunywa alikuwa yule yule mama, na aliomba aongezwe.

Mama Uyole

Jamani ndaga fijo, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Lindo la Usiku nahitaji zulia la mlangoni, rangi yoyote isiyoonyesha matope ya Uyole, na bei useme wewe. Mwana wa Ziwa Jumamosi hii nakuja Lyulilo, safari hii sipunguzi, au napunguza kidogo tu.

Alafu mume wangu kumbe anausoma huu uzi kimya kimya. Leo asubuhi nimemkuta jikoni kaukumbatia mtungi wa maji wa marehemu mama yake, anaugonga kwa kidole, anatega sikio. Nikamuuliza vipi? Ananiambia, pu.