Mrejesho: majedwali ya intarapti kwenye kerneli yangu

Assalamu alaykum. Ni mimi wa Wete, niliyeuliza nifanyeje na kerneli yangu ndogo (kiini cha mfumo endeshi) ya kompyuta ya Raspberry Pi 4, yenye majedwali matatu ya kugeuza namba za intarapti, yaani ishara ambazo vifaa huiitia prosesa. Ahsanteni nyote.

Nilimfuata maalim aliyesema niyafute yote, nibakishe safu moja inayosomwa kwa namba ya GIC (kidhibiti cha intarapti) yenyewe. Kodi imepungua zaidi ya nusu. Kumbe na hitilafu ya intarapti ya UART (mlango wa mawasiliano ya serial) kutonifikia ilikuwa humo humo: faili la mti wa vifaa (device tree, linaloorodhesha vifaa vya bodi) huhesabu intarapti za SPI, zile za vifaa vya pamoja, kuanzia 0, ila GIC huzianzia 32. UART imeandikwa 121, kwa GIC ni 153! Siku tatu naisubiri kwenye 121, kama mtu aliyekwenda kungojea boti ya bandari ya Mkoani huku Wete. Za PPI, zile za kila kiini cha prosesa peke yake, huongezwa 16, ndiyo maana taima ya 14 ilionekana 30.

Ushauri wa kutafuta namba kwa mti wa utafutaji (si ule wa vifaa) badala ya safu sikuufuata. Kwa namba chache hizi ni mzigo tu.

Vitufe vya GPIO (pini za bodi za kuunganishia vitu vya nje) bado. Pini nyingi zinashirikiana intarapti moja, na safu yangu haijui kuzitenganisha. Kwa sasa navichungulia kila taima inapolia.